Maharage ya Bibi na Elimu ya Kemia

Tuna neno lililokaa moyoni mwetu tangu likizo iliyopita. Twajua ya kuwa litawaudhi watu wa namna mbili: wazazi waliokwisha kata shauri juu ya masomo ya watoto wao, na vijana waliokwisha pata shahada ya kemia au waliokaribia kuipata. Wenye kuudhika na watujibu. Afadhali mabishano kuliko kimya hiki tulicho nacho sasa.

Jambo lenyewe lilianzia jikoni. Tulikuwa wageni katika nyumba moja huko Mgeta, juu milimani, nyumba ya watu tunaowaheshimu sana. Bibi mwenye nyumba alikuwa amebandika chungu cha maharage tangu asubuhi, na jua lilipokuwa likipinda maharage yalikuwa bado magumu. Mjukuu wake alikuwepo, kijana mpole, mwanafunzi wa chuo kikuu katika mwaka wa tatu, asomaye kemia. Bibi akamwita kwa utani wao wa bibi na mjukuu: “Mume wangu, hebu niambie. Nilipokwenda kukaa kwa mwanangu Bagamoyo, maharage haya haya niliyoyachukua hapa shambani yaliiva upesi kwa kuni chache. Huku kwetu yanamaliza mzigo mzima. Nawe unasoma habari za moto na maji. Ni kwa nini?”

Kijana akacheka kwa adabu, akajibu, “Bibi, hayo si mambo ya kemia. Kemia ni hesabu.”

Bibi akanyamaza, akasukuma kuni ndani. Hakukasirika. Nafikiri hata hakushangaa, na hilo ndilo lililotuchoma sisi. Alikuwa ameuliza swali lililo katikati kabisa ya elimu ile ambayo familia yake yote ilijinyima ili kijana aipate, akaambiwa kwamba elimu hiyo haimhusu, naye akakubali.

Basi na tumjibu bibi kwanza, kabla ya kugombana na mtu ye yote.

Hewa ina uzito. Mtu akaaye Bagamoyo, pwani, amebeba juu ya kichwa chake hewa yote iliyopo kati yake na mbingu. Mtu akaaye Mgeta amekwisha panda juu ya sehemu ya hewa hiyo, nayo iko chini yake, mabondeni. Kwa hiyo hewa inayokandamiza maji ya chungu chake ni haba. Nayo maji huchemka pale ambapo msukumo wa mvuke wake unapolingana na msukumo wa hewa iliyo juu yake. Pwani hayachemki mpaka yafikie joto la digrii 100. Ukipanda mlima, kila mita 300 hivi, kiwango hicho hupungua kwa digrii moja. Mji wa Morogoro uko kiasi cha mita 500 juu ya bahari, basi pale maji huchemka kwa digrii 98 na kitu. Katika kijiji kilichoko mita 1,500 huchemka kwa digrii 95 tu. Na mtu akiamua kupikia maharage yake juu ya kilele cha Lupanga, mita 2,138, atayapata maji yakitokota kwa digrii 93.

Watu wengi hudhani ya kuwa maji yakitokota sana yana moto zaidi. Sivyo. Maji yakiisha kuchemka, kuni zote unazoongeza huenda katika kuyageuza kuwa mvuke. Joto la chungu halipandi hata kidogo. Na kule kulainika kwa maharage ni badiliko la kikemia, ambalo mwendo wake hupungua sana joto lipunguapo digrii chache tu. Ndiyo maana bibi hupika kutwa. Yampasa kuyaloweka maharage usiku, na chungu kikiisha kuchemka apunguze moto, maana moto mkubwa haumwongezei kitu ila mvuke. Kama ana fedha, anunue sufuria ya presha, ambayo huuzuia mvuke ukasukuma maji kama kwamba yako pwani tena. (Asijaribu mtu kukaza kifuniko cha sufuria ya kawaida kwa mawe na kamba, itampasukia.) Sufuria hiyo si uvumbuzi wa jana. Mfaransa Denis Papin aliionyesha mwaka 1679.

Hayo yote yana hesabu yake. Mfaransa mwingine, Clapeyron, aliweka msingi wake mwaka 1834, na Mjerumani Clausius akaukamilisha mwaka 1850. Habari ya mwendo wa mabadiliko na joto ilipangwa na Msweden Arrhenius mwaka 1889. Jioni ile, tulipobaki nje na kijana wetu, tulimwomba atuandikie kanuni ya Clausius na Clapeyron. Akachukua kijiti, akaiandika katika majivu karibu na mafiga, upesi, bila kukosa alama hata moja. Tukamwuliza, “Herufi hii ni nini?” Akasema, “Ni kanieneo.” “Na hii?” “Ni joto.” Tukamwuliza, “Je, kanieneo ikipungua, joto la kuchemkia hufanya nini?” Akatazama majivu, akatazama chungu, kisha akasema polepole, “Hupungua.” Akanyamaza kitambo. Halafu akainuka akaingia jikoni kwa bibi yake, nasi hatukumfuata.

Kabla ya hapo alikuwa ameiandika kanuni ile mara nyingi, na kila mara msahihishaji alimpa alama.

Bibi yule alikuwa na jambo la pili ambalo kijana hakuliuliza wala hakulielewa. Maharage yalipokuwa yamekataa kabisa, alitia magadi kidogo. Kwa nini magadi yalainishe maharage? Kwa sababu ukuta wa kila chembe ya maharage umeshikamanishwa na kitu kama gundi, na gundi hiyo hushikwa imara na kalsiamu. Magadi ni chumvi ya sodiamu. Sodiamu huingia mahali pa kalsiamu, nayo haina nguvu ya kushika pande mbili kama ile, basi ukuta hulegea. Nao ule uchungu wa magadi, ambao wanakemia huuita ualkali, huzidi kuivunja gundi. Walakini bibi aangalie asizidishe, maana ualkali ule ule huiharibu vitamini B1 iliyomo katika maharage, akawa ameyapika upesi na kuyapunguzia faida.

Wako wazee wanaokumbuka kwamba kabla ya magadi ya dukani watu walichuja majivu, wakapata maji makali ya kupikia. Maji hayo yana potasiamu. Mwaka 1807 Mwingereza Humphry Davy alipitisha umeme katika potashi iliyoyeyushwa, na potashi asili yake ni majivu ya kuni, ndipo akawa mtu wa kwanza kuiona metali ya potasiamu ikiwa peke yake. Na lile neno alkali limetoka katika Kiarabu, nalo lina maana ya majivu ya mimea. Twasema haya kwa sababu ya wale wanaodhani kwamba kemia ilishuka kutoka Ulaya ikiwa imefungwa katika chupa. Ilianza katika majivu ya jikoni, na majivu tunayo.

Sasa tumlaumu nani? Kijana peke yake hatumlaumu, maana sisi wenyewe tulisoma hivyo hivyo. Katika shule tuliyosomea, ambayo hatuitaji, bureti ilikuwapo moja, nayo ilikuwa imefungiwa kabatini isivunjike. Mwalimu wetu, mtu mwema aliyefanya alivyoweza, alichora bureti ubaoni kwa chaki, akatuambia: “Sasa fikirini ya kuwa tone la mwisho limeanguka. Fikirini ya kuwa rangi imegeuka.” Tukafikiri. Tukaandika katika madaftari yetu kiasi cha asidi kilichotumika, ambacho hakuna aliyekipima, tukafaulu. Tukaja kuwa waalimu, na katika miaka yetu ya kwanza tukawaambia watoto wa watu vile vile wafikiri ya kuwa rangi imegeuka. Twaungama hapa mbele ya wasomaji.

Mwaka jana tuliona haya. Tukachuma choya, ile nyekundu ambayo akina mama huchemsha kufanya kinywaji, tukaichemsha, tukampa kila mtoto maji yake katika kikombe. Mmoja akatia ndimu, mwingine magadi, mwingine maji ya sabuni, mwingine majivu. Nyekundu ikazidi kuwa nyekundu kwa aliyetia ndimu. Kwa aliyetia magadi ikageuka kuwa ya buluu iliyochanganyika na kijani. Darasa likapiga kelele hata mwalimu wa darasa la pili akaja kuona kuna nini. Halikugharimu shilingi hata moja. Wala hatusemi haya ili wenye mamlaka wapate udhuru wa kutonunua bureti. Choya ni mlango tu, na mtu hawezi kusoma shahada nzima akiwa amesimama mlangoni.

Lakini lawama kubwa zaidi twaiweka kwetu sisi watu wa vijijini, kwa swali tunalomwuliza mwanafunzi wa kemia kila arudipo. Hatumwulizi amejifunza nini. Twamwuliza, “Utaajiriwa wapi?” Na kwa kuwa twajua jibu lake, twatikisa kichwa: “Mwalimu tu.”

Tuseme kweli: neno hilo lina haki yake. Wako vijana wenye shahada za sayansi wanaokaa nyumbani wakingoja kupangiwa kazi, na mzazi aliyeuza ndizi na pilipili manga miaka mitatu ana haki ya kuuliza. Hatutamwambia kwamba njaa si kitu. Twamwambia kwamba ameitazama kemia kwa jicho moja. Wale wanaosafisha maji ya bwawa la Mindu ili mji wa Morogoro unywe, yawapasa kujua ni shabu kiasi gani itiwe leo na kiasi gani kesho, mvua ikiwa imeuchafua mto Ngerengere. Chembe za udongo majini zina umeme wa namna moja, kwa hiyo husukumana, hazitui. Alumini iliyomo katika shabu ina umeme wa kinyume, tena mara tatu ya ule wa sodiamu ya chumvi ya kula, na kwa hiyo kidogo chake hufanya kazi ambayo chumvi nyingi sana isingeiweza. Akina mama wengi hutia shabu katika mtungi na kuona matope yakishuka. Ni kemia ile ile, na mtu aijuaye hulipwa mshahara kwa ajili yake.

Au twende Matombo, upande wa mashariki wa milima yetu, ambako yakuti nyekundu huchimbwa. Yakuti hiyo ni oksaidi ya alumini, kitu kisichokuwa na rangi kikiwa safi. Wekundu wake wote umetokana na kromiamu kidogo, kiasi cha chembe moja iliyoketi mahali pa alumini katika kila mia. Na la ajabu ni kwamba kromiamu hiyo hiyo ikiketi katika jiwe la zumaridi hulitia ukijani, kwa kuwa huko majirani zake wa oksijeni humbana kwa nguvu pungufu. Mwanafunzi wa kemia ya madini hufundishwa habari hii katika shahada yake, tena kwa urefu. Ni wangapi kati yao waliotoka Matombo au jirani yake, wakarudi wakawaeleza wachimbaji wanachokishika mkononi, kabla mnunuzi hajawaambia kwamba ni kokoto?

Walakini hoja yetu kubwa haiko katika yakuti. Iko katika udongo, na hapa twaomba wazee watuvumilie tukigusa kidonda cha zamani.

Kiasi cha mwaka 1950 serikali ya Kiingereza ilianza mpango wa kuhifadhi ardhi ya Uluguru. Nia yake haikuwa mbaya: mvua ilikuwa ikichukua udongo wa miteremko, na mito ikawa myekundu. Watu wakaamriwa kuchimba matuta makubwa ya kukata mlima kama ngazi. Walilazimishwa, nao walichukia. Mwaka 1955 ghasia zikatokea huko Matombo, na mpango ule ukavunjika. Sababu zilikuwa nyingi, na siasa ilikuwamo. Lakini sababu moja ilikuwa udongo wenyewe. Katika kukata matuta, udongo wa juu, ule mweusi wenye rutuba, ambao katika miteremko yetu ni mwembamba, ulifukiwa, na udongo mwekundu wa chini ukaletwa juu. Watu walipanda, na mazao yakawa mabaya. Mkulima akatazama kazi ya mikono yake, akaona amechimba kutwa ili avune pungufu.

Kwa nini udongo wa chini hauzai? Hapa kila neno ni kemia. Rangi yake nyekundu ni oksaidi ya chuma, kutu kwa lugha ya nyumbani. Pamoja nayo kuna oksaidi ya alumini. Vitu hivi viwili huikamata fosfati, ambayo mmea hauwezi kuishi bila hiyo, na kuishika kama mgumba ashikavyo mtoto wa kupewa, mizizi haiipati. Tena udongo wa milima yenye mvua nyingi huoshwa chumvi zake nzuri miaka na miaka, ukabaki na uchachu. Uchachu hupimwa kwa kipimo kiitwacho pH, alichokitunga Sørensen wa Denmark mwaka 1909, nacho kina hila yake: udongo wenye pH 5 hauzidi kidogo tu ule wa 6, huuzidi uchachu mara kumi. Ukishuka chini ya 5 na nusu, alumini huanza kuyeyuka. Ni metali ile ile ya sufuria zetu, isiyodhuru ikiwa imefungwa katika udongo wa mfinyanzi; ikiisha kufunguliwa na uchachu huchoma ncha za mizizi, na mahindi hudumaa.

Tena tazameni lililo zuri. Uchachu huo unaodhuru unaweza kutumikishwa. Huko Minjingu, katika mkoa wa Manyara, kuna mawe ya fosfati. Yakisagwa tu na kutiwa katika udongo usio na uchachu, hayayeyuki upesi. Katika udongo wenye uchachu huyeyuka vizuri zaidi, kwa kuwa asidi ya udongo yenyewe huyala. Ugonjwa unasaga dawa yake. Lakini ni lazima awepo mtu wa kupima, aseme: shamba hili, ndiyo, shamba lile, litie chokaa kwanza.

Mwaka 1955 nchi nzima ya Tanganyika haikuwa na chuo kikuu hata kimoja. Aliyetaka kusoma kemia kwa daraja hiyo ilimbidi kwenda Makerere, Uganda, au kuvuka bahari. Basi wale walioleta mpango walikuwa na elimu yao lakini hawakuujua mlima, na wale walioujua mlima, ambao tangu zamani walikuwa na matuta yao ya ngazi wakifukia majani ndani yake ili yaoze, hawakuwa na maneno ambayo afisa angeyasikia. Wazee walisema, “Udongo huu umekufa.” Walisema kweli tupu. Hapakuwa na Mluguru hata mmoja mezani wa kusema, “Wazee wasemalo ni hili, na hiki hapa ndicho kipimo chake.”

Leo udhuru huo haupo. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kiko chini ya mlima huo huo tangu mwaka 1984. Na kemia yenyewe hufundishwa Mazimbu, mahali ambapo yafaa kila mzazi wa Morogoro apajue. Lilikuwa shamba la mkonge lililoachwa. Mwaka 1977 serikali yetu iliwapa wapigania uhuru wa Afrika Kusini, na mwaka uliofuata shule ikaanza kwa ajili ya vijana waliokimbia kwao. Ikaitwa kwa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979. Vijana hao walikuwa wamekimbia nini? Pamoja na bunduki walikimbia elimu: sheria ya mwaka 1953 ambayo ilikusudia Mwafrika afundishwe kiasi cha kumtumikia mwingine, asipoteze wakati wake na hesabu na sayansi zisizokuwa na kazi kwake. Walikuja Morogoro, wakafundishwa sayansi katika shamba la mkonge. Mwaka 1992, walipokuwa wakirudi kwao, walitukabidhi majengo. Katika majengo hayo leo watoto wetu husoma kemia.

Basi mzazi wa Uluguru amwambiapo binti yake ya kwamba kemia haina kazi kwake, na afikiri kidogo neno hilo limewahi kusemwa na nani.

Wako wengine watakaosema: mambo haya hayasemeki kwa Kiswahili, ndiyo maana kijana hakuweza kumjibu bibi yake. Kisingizio hiki twakikataa. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Kijana mwenyewe alitamka kanieneo bila kusitasita. Maneno yapo, na yasipokuwapo mtu husema kwa kirefu, kama tulivyosema sisi hapa. Kijana hakukosa neno. Hakuna aliyewahi kumwomba aunganishe kanuni na chungu, si shuleni, si chuoni, si nyumbani. Bibi alikuwa wa kwanza kumpa mtihani wa namna hiyo, naye alikuwa hajajiandaa kwa kuwa swali lile halimo katika karatasi za mitihani ya miaka iliyopita.

Twawaomba wanafunzi jambo moja, nalo ni gumu. Kila mfikapo likizo, chukueni somo moja la muhula, moja tu, mkalieleze nyumbani mpaka mtu asiyesoma aweze kuwauliza swali la pili. Swali la kwanza ni la adabu. Mtu huuliza ili kumfurahisha msomi. Swali la pili ndilo lionyeshalo ya kuwa ameelewa. Mkishindwa kufika hapo, rudini katika vitabu, maana somo hilo bado hamjalipata, hata kama mlipewa alama tisini.

Nasi waalimu wenzetu twawaambia: acheni kusema “fikirini ya kuwa rangi imegeuka.” Tumekwisha sema vya kutosha.

Tumebakiwa na jambo la binti mmoja, ambalo ndilo lililotusukuma kushika kalamu. Ni mwanafunzi wetu wa zamani, wa upande wa Kinole. Amechaguliwa kwenda kusoma sayansi na ualimu, kemia na baiolojia. Mama yake amekubali. Lakini kwetu, kama mjuavyo, neno la mjomba ni zito, na mjomba wake amekataa. Ni mtu mwenye akili na mwenye huruma. Ndiye aliyelipa gharama za binti tangu baba yake alipokufa, naye hutafuta lililo jema. Ataka binti asome kazi ya ofisini. Tulipokwenda kumsihi alitukaribisha, akatupa ndizi, akatusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Waalimu, nanyi mmesoma hiyo kemia. Mbona shamba lenu la mahindi ni baya kuliko langu?”

Hatukuwa na la kujibu, kwa kuwa ni kweli. Tulirudi nyumbani tumeinamisha vichwa. Kesho yake tukachimba udongo wa shamba letu mahali pengi, tukauchanganya, tukaukausha kivulini, tukaupeleka mjini ukapimwe. Jibu likaja: uchachu mwingi, fosfati haba. Tumekwisha tia chokaa katika nusu ya shamba, na nusu nyingine tumeiacha kama ilivyokuwa, ili mtu atakaye kuona aone. Shamba liko kando ya njia, mahali ambapo mjomba hupita kila siku ya gulio akienda kuuza ndizi zake, naye amekwisha simama mara mbili kulitazama. Chuo hufunguliwa kabla ya mahindi kukomaa. Tumemtumia salamu kwamba asingoje mavuno, atazame majani tu.

Bado hajatujibu. Binti amekwisha funga sanduku lake.